Kiti cha Somoe

Nilikwenda kijiji cha Kitaya kwa sababu ya mdomo wangu. Tulikuwa barazani kwa muuza kahawa, mtaa wa Ufukoni, Mtwara, tunatazama riadha ya dunia kwenye runinga. Bendera za vijinchi zinapanda, yetu hatuioni. Mmoja akasema wenzetu wanakula vizuri, mwingine akasema wana milima. Mimi, katibu wa kamati ya michezo ya mtaa, nikapayuka: "Wenzetu wanatafuta! Sisi tumekaa."

"Haya katibu, katafute," wakanicheka. Nikaapa kuwa Jumamosi, siku ya kuchagua timu ya mkoa, nitaleta mkimbiaji.

Ijumaa, saa moja asubuhi, tuliondoka na gari la viti saba. Dereva, mwenyekiti, makamu wake, mimi, mhazini asiye na hazina, mjumbe, na mjumbe mwingine ambaye mpaka leo sijui ni wa nini. Saa ya kupimia mbio tuliisahau. Sufuria la pilau hatukulisahau.

Saa nne tuko Kitaya. Somoe, mama wa watoto wawili ambaye sifa zake za mbio zilifika mjini, tulimkuta shambani kando ya mto Ruvuma akifukuza ngedere kwenye mihogo. Wallahi, sijapata kuona miguu ile! Ngedere walikuwa wakigeuka nyuma kwa hofu.

"Shikamooni," akasema. Mwenyekiti akajibu kwa hotuba. Makamu akaongezea nyama. Hadi saa nane tumezungumza wote sita, na ngedere wamerudi kwenye mihogo.

"Sasa baba zangu, kesho nitafikaje? Basi la leo limeshapita."

"Twende sote!" nikasema. Akawaacha watoto kwa dada yake, akachukua mfuko. Tulipofika garini, lahaula! Viti saba, watu wanane.

Mwenyekiti hawezi kubaki, ndiye mwenyekiti. Makamu akauliza, je, mwenyekiti akiugua njiani? Mhazini amekumbatia sufuria. Wajumbe wakashikwa na usingizi wa ghafla.

"Msijali," Somoe akasema, anaweka mfuko chini. "Hata wale wa mwaka jana gari lao lilijaa."

Roho iliniuma. Nikashuka.

"Na mihogo yangu?"

"Nitailinda mimi."

Alicheka mpaka akashika magoti, kisha akapanda.

Jumamosi kutwa nilikimbizana na ngedere. Mmoja alikaa kitako, akala mhogo huku akinitazama ninavyokuja. Saa kumi simu ikalia: Somoe wa kwanza! Nilirukaruka peke yangu shambani kama mwehu. Baadaye ikaja picha. Wanakamati watano wametanua vifua, na nyuma yao mkono mmoja umeinua medali.

Jumapili Somoe akarudi, akazunguka shamba lake.

"Katibu, mimi nimeleta medali. Mihogo yangu iko wapi?"

"Mwanangu, nilikimbia kadiri ya uwezo wangu."

"Nimeona."

Nilirudi Mtwara kwa bodaboda, nyonga zinawaka moto. Barazani wakaniuliza wenzetu wanakula nini hasa. Nikawaambia chakula sijui, ila nadhani kwao kuna mtu hushuka garini.

Sasa timu inakwenda Dodoma kwa mashindano ya taifa. Kamati imeshakaa kikao, na majina ya wasindikizaji yamefika sita. Langu halimo. Somoe ameniletea salamu kwamba ngedere wananiulizia, nami kila alfajiri naamka kufanya mazoezi.