Nilijenga matuta ya mboga uani, bibi akaona makaburi

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Jambo hili limenikaa kifuani tangu mvua zianze. Sitaongeza chumvi, aliyenisimulia yupo hai na kuongopa hajui.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Tunduma, Mwanza, Kigoma, kote nimekaa. Miaka arobaini ya umri imepita, nikakumbuka moshi wa jiko la kwetu, nikarudi Olmotonyi, chini ya mlima, kwa bibi yangu. Sisi tunamwita koko.

Nikajenga uani matuta matatu ya kuinua, ya tofali, yamenyooka kama rula. Nikajisifu sana.

Koko akatoka, akayaona, akarudi ndani. Hakula. Kesho yake hata mlango hakufungua. Nikaogopa kwamba nimerudi kumzika.

Nilipombembeleza sana, ndipo akasimulia.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Koko ana mtoto mmoja tu, Elifuraha. Babu alikuwa kibarua wa bustani kwa mzungu mwenye shamba la kahawa, na huko alijifunza kuinua udongo na kuuzungushia mawe. Akajenga hivyo nyumbani, kando ya migomba. Matuta mawili marefu, la tatu fupi kwa sababu mawe yaliisha.

Wiki hiyohiyo Elifuraha akashikwa na homa kali. Koko akawa ndani naye, haonekani mferejini wala kanisani.

Wasio wa huku wajue: kwetu tunazika nyumbani, kwenye migomba.

Jirani, Mama Ndewario, akapita, akaliona lile tuta fupi. Baadaye akarudi na kibuyu cha maziwa, na wanawake nyuma yake.

"Poleni. Mbona mmezika kimyakimya kama watu wasio na majirani?"

"Tumezika nani?" babu akashangaa. "Hizo ni karoti!"

"Baba Elifuraha, karoti gani zinalazwa kwa urefu wa mtoto?"

Mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Wengine walishaanza wimbo wa msiba.

Ndani, koko amemkumbatia mtoto anayewaka moto, anasikia mwanawe analiliwa angali hai. Anasema alichoogopa ni mtoto kuusikia wimbo ule na kuuitikia.

Akatoka naye mikononi.

"Huyu hapa. Nyamazeni."

Mama Ndewario akaweka kibuyu chini, akafunga shuka kiunoni, akang'oa jiwe la kwanza.

"Taratibu jamani, mbegu zangu!" babu akalia.

"Mbegu zako zitaota. Hili umbo haliwezi kubaki na mtoto mgonjwa ndani."

Hawakuondoka mpaka pembe zote za matuta zimekwisha. Udongo wakaulaza kufuata mteremko wa mlima, wakaleta mawe yenye ukungu wa kijani kutoka mtoni na kuyazika nusu, pembezoni wakapanda magimbi. Pakaonekana kama mlima wenyewe ndio uliopafinyanga.

Homa haikushuka upesi. Koko alikuwa akimwekea mtoto kiganja puani kila mara, kuhakikisha pumzi. Hadi asubuhi moja Elifuraha akaomba ndizi.

Wakuu, Elifuraha ndiye mama yangu mzazi.

Na hayo matuta? Ni kile kinundu nyuma ya jiko nilichokuwa natelezea utotoni. Maisha yangu yote nilidhani ni ardhi tu. Nilikuwa nimepanga kukisawazisha niongeze tofali.

Jumamosi mama akapanda kutoka mjini, Levolosi, tukavunja kazi yangu pamoja. Udongo tukaulaza, mawe ya mtoni, magimbi. Nilikuwa nachungulia mlango wa koko kila jembe likishuka.

Mchana mlango ukafunguka. Akaja na mkongojo, akayazunguka yote polepole, akamtazama mama aliyeinama na mbegu.

"Sasa," akasema, "hizo karoti zitaiva lini? Nina njaa."

Nilichojifunza: kabla hujainua udongo kwenye uwanja wa watu, jua nani ataamka na kuutazama.

Kwenu matuta mnayafanya vipi yafanane na uwanja? Na mwenye dawa ya fuko anisaidie, karoti zimeanza kuchipua na silali kwa wasiwasi.