Vifuniko vya Soda Mezani kwa Mpiga Taipu

Zamani barua ya Kiingereza ilipikwa ikaiva. Siku hizi watu huibonyeza kwenye simu na kuituma mbichi. Mzee mpiga taipu, aliyejifundisha Kiingereza kwa magazeti makuukuu, hakugusa mashine kabla mteja hajapanga vifuniko vya soda mezani, kila kifuniko tukio moja, kwa mfuatano wa yalivyotokea.

Siku moja alijiwa na fundi cherehani na mumewe. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimemnyima mwanamke kazi, kwa kuwa barua yake ya kwanza ya maombi ilimfanya aonekane aliacha mafunzo chuo kilipofungwa.

Mwanamke akapanga vifuniko vyake mezani. "Nilihitimu kwanza, babu, ndipo wakafunga."

"Mbona umetanguliza kifuniko cha kufungwa?"

Mume akaangua kicheko. "Babu, wewe hata chai unainywa kwa foleni!"

"Nyamaza, bwana mdogo! Kiingereza kina namna yake ya kutaja jambo lililotangulia. Tukiiacha, mkeo ataonekana mtoro wa chuo."

Mwanamke akavipanga upya. Mzee akachapa kwamba chuo kilipofungwa, mwanamke alikuwa amekwisha kuhitimu. Kiwanda kikamwita kazini.

Mara ya mwisho mzee kuwaona, walipita barazani asubuhi wakiwahi kazini, mke mbele, mume nyuma na mkoba wa mkewe begani, wakimpungia mikono na kucheka.