Chavua Upande wa Kushoto

Baba yangu alikuwa na gari moja na tambara moja, na vyote viwili alivipenda kuliko alivyotaka tujue. Gari lilikuwa dogo, la bluu iliyokoza hadi kukaribia weusi. Alilinunua likiwa limeshatumika, mwaka aliostaafu kazi ya kukagua kahawa kwenye ghala la chama cha msingi, kule kwetu Muleba. Tambara lilikuwa kipande cha shuka kuukuu. Kila asubuhi kabla ya chai alitoka na tambara begani, akalipangusa gari kavukavu kwa miduara, kama anafuta ubao wa darasani. Akimaliza alirudi nyuma hatua tatu, akaliangalia, kisha akaingia ndani kunywa chai.

Nyumba yetu imepakana na shamba la misonobari. Kuna majira misonobari hiyo inapomwaga unga wa njano, na ukishaanza hauna adabu. Unatua juu ya maji ya ndoo, juu ya kahawa iliyoanikwa, juu ya nguo nyeupe za mama kwenye kamba. Juu ya gari jeusijeusi ndiyo kabisa, asubuhi unalikuta limepakwa kama limeandaliwa kukaangwa. Mwaka mmoja baba alijaribu kulificha kibanjani chini ya migomba. Unga ulipungua, lakini utomvu wa ndizi ukadondoka kwenye boneti ukaacha madoa ya kahawia, na mama alicheka mpaka akakaa chini. Gari likarudi uwanjani.

Mimi nafundisha sayansi shule ya sekondari Bukoba, nimepanga Kashai, na nyumbani huenda likizo na baadhi ya wikiendi. Ndimi niliyempa baba neno la huo unga. Nilimwambia unaitwa chavua, ni unga wa kiume wa mti, unaobebwa na upepo. Alilirudia neno taratibu, akalionja, akasema, "Basi chavua inachafua." Alilipenda sana hilo. Walilisikia majirani, akalisikia mwinjilisti, na kila nilipofika nyumbani nilisalimiwa nalo kabla ya kuulizwa hali ya safari.

Mama husema nilizaliwa na swali mdomoni, na hasemi hivyo kunisifu. Jioni moja, jua la saa kumi na moja likiwa limelalia boneti, niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Rangi yote ilikuwa na mikwaruzo myembamba ya mviringo, maelfu kwa maelfu, inazunguka taswira ya jua kama utando wa buibui. Nikasogea kulia, duara likanifuata. Nikasogea kushoto, likanifuata. Nilicheza nalo pale mpaka mama akauliza kama nimepoteza kitu.

Niliporudi Bukoba nilikwenda na swali langu kwa kijana mmoja anayeosha magari karibu na mto Kanoni, ambaye nampita kila siku nikitoka shule. Alipitisha kidole kwenye bampa ya gari lililokuwa limetoka safari, akaja na vumbi jekundu, akalisugua kati ya kidole na dole gumba karibu na sikio langu.

"Sikia," alisema.

Nikasikia. Lilikuwa linasaga.

"Huo ni mchanga, mwalimu. Ukipitisha tambara kavu juu yake, umeshika msasa. Chavua peke yake ingekuwa na nafuu, ila haiji peke yake, inakaa na mchanga wa barabara." Kisha akanieleza kwamba juu ya rangi kuna tabaka jembamba linalong'aa, mafundi wanaliita klia, na hilo ndilo linalokwaruzika. Nikamuuliza afanyeje mtu ambaye hawezi kuosha gari kila siku. Akasema kwanza utoe kinachotoka bila kukigusa: upepo, au maji yanayotiririka kutoka juu kwenda chini. Kilichobaki ukilainishe kwa maji ya sabuni ya gari yaliyopulizwa, usubiri kidogo, halafu upitishe kitambaa laini bila kukandamiza, kwa mstari ulionyooka, ukigeuza upande safi kila mara. Usifanye juani wakati bati limepata moto. Na kitambaa kikianguka chini, kimekufa, katafute kingine.

"Na miduara?" niliuliza.

"Miduara ni ya chapati," alisema.

Nilifurahi kama mtu aliyepewa siri. Likizo ilipofika nilipanda basi kwenda Muleba na vitambaa sita laini, chupa ya kupulizia na chupa ya sabuni, nikijiona mkombozi. Kesho yake asubuhi nilimtolea baba hotuba nzima, na mikwaruzo nikamwonyesha.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Siku hizi unafundisha na magari?"

Kisha akaendelea na tambara lake. Nilikasirika, lazima niseme. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa sahihi, na kwa sababu mtu huyu aliyekaa miaka ghalani akitumbukiza mkono kwenye gunia na kusema kama kahawa imekauka au bado, mtu asiyekubali kitu mpaka akishike, alikuwa anakataa kushika mchanga niliomletea kwenye kidole.

Aliyetupatanisha ni mama, na wala hakukusudia. Siku ya pili umande ulikuwa umekauka na unga umetanda juu ya gari. Mama alikuwa anapeta maharage. Akaacha maharage, akaja na ungo mtupu, akasimama mbele ya boneti, akapepea. Wingu la njano likaondoka lote kwa pamoja, likaelekea kwa jirani.

"Gari si maharage!" baba alisema.

"Makapi ni makapi," mama alimjibu, akahamia mlangoni.

Ungo ndio uliomshinda baba. Kifaa changu cha dukani alikidharau, lakini ungo anaujua, ni kazi ya kahawa. Siku hiyohiyo aliuchukua mkononi mwa mama, akamwonyesha kwamba anapepea kwa pembe mbaya, na kuanzia hapo ikawa desturi yetu ya asubuhi. Yeye anapepea kuanzia juu kushuka chini. Mimi namwagia maji ya tangi kwa keni ya bustani, yale matundu madogo yakinyesha mvua ya upole. Halafu napuliza sabuni, na baba anapita na vitambaa, kwa mistari iliyonyooka, polepole. Nilimkabidhi hatua hiyo ya mwisho kwa heshima, gari ni lake. Tambara la shuka likahamia jikoni.

Sasa ndipo jicho langu la udadisi lilipopata kazi. Siku ya tatu niliona amebakiza ukanda wa njano kwenye boneti, upana wa kiganja, ukingoni. Nikaupangusa mwenyewe. Siku ya nne ulikuwepo tena, na mwingine kwenye mlango wa nyuma, na mwingine kwenye buti. Nilidhani amechoka. Siku ya tano nilikaa kwenye ngazi na kikombe cha chai na kumwangalia. Alisimama mbele ya kila kipande cha gari, akapangusa kwa makini, akarudi nyuma hatua zake tatu, akaridhika. Na kila kipande, popote aliposimama, kilibaki na ukanda upande wa mkono wake wa kushoto.

Mwanzoni nilifurahi tu, na naandika hili kwa aibu. Nilifurahi jinsi ninavyofurahi mbele ya wanafunzi jaribio linapotoa jibu lilelile mara tatu. Niliwaza jinsi anavyosimama, urefu wa mkono wake, mwanga wa asubuhi unatokea wapi. Chai ikapoa mkononi ndipo nikafika kwenye macho.

Nikaogopa. Baba ndiye aliyekuwa akiendesha gari hilo kila Jumapili, na mama pembeni yake na wajane wawili wa jirani nyuma, kutoka kwetu hadi kanisani. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Kwa hiyo kushoto kwake, kule ambako alikuwa anaacha chavua, ndiko wanakopita waendao kwa miguu, na Jumapili asubuhi wengi wao ni watoto.

Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa na siku moja ya kumwambia, na sikujua namna. Huyu ndiye aliyenifundisha kuendesha, katika gari hilohilo, na somo lake lote lilikuwa maneno mawili. Kila baada ya mita chache alikuwa ananiambia, "Angalia kushoto." Nikiwa naangalia alisema. Nikiwa nimeshaangalia alisema. Nilipita mtihani wa leseni huku nikimsikia kichwani.

Jumamosi asubuhi nilifanya jaribio langu la mwisho. Tulipomaliza alirudi nyuma, akaangalia, akasema, "Leo limetakata." Nikamwomba apitishe kiganja juu ya boneti kama anavyopima kahawa, atuhakikishie. Alipenda kuombwa hivyo. Akapitisha kiganja kuanzia kulia, taratibu, uso wake umetulia, na kilipofika ukingo wa kushoto kikasimama.

Akasugua vidole. Akavileta sikioni, kama nilivyomwonyesha siku ile alipokataa kuushika mchanga.

"Kuna mchanga," alisema.

Aligeuza kichwa chote, kama mtu anayeangalia nyuma ya mlango, na ndipo akauona ukanda. Akaziba jicho la kulia kwa mkono. Kuku walipita miguuni petu.

"Mwana wange," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "hili la kushoto halina kitu."

"Tangu lini, tata?" nilimuuliza, kwa neno letu la baba.

"Sijui. Nilikuwa sijalifunga lingine."

Nililia, yeye hakulia. Aliingia ndani, nikamsikia akimweleza mama kwa Kihaya, sentensi fupifupi, na mama akisikitika, "Waitu, waitu." Baada ya hapo walikubaliana kwamba Jumatatu nitampeleka Bukoba kwa daktari wa macho. Tulikwenda. Daktari alisema presha ya macho imelila jicho la kushoto kimyakimya bila maumivu na halitarudi, na la kulia nalo limeanza kuliwa ukingo wa kushoto, ila kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, mradi asiache hata siku moja. Anatia matone hayo mpaka leo, asubuhi na jioni, na hesabu zake ni kali kuliko za mama za pesa ya soko.

Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumapili.

Niliamka nikakuta ameshapepea gari peke yake. Alikuwa amevaa shati la kanisani, amekunja mikono, anapitisha kitambaa kwa mkono mmoja na kiganja cha pili kinafuata nyuma yake, kinakagua. Hakubakiza ukanda hata mmoja. Wajane wawili walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye benchi na vitabu vya nyimbo mapajani, na kwa kuwa walikuwa wameshaambiwa, walikuwa wanaliangalia gari kwa bidii sana ili wasimwangalie yeye. Mmoja alisema halijawahi kung'aa namna hii tangu lije. Ilikuwa kweli.

Sikutaka kumwomba ufunguo. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku, yote yalikuwa mabaya.

Baba alikunjua mikono ya shati, akafunga vifungo. Akautoa ufunguo mfukoni, akaupangusa nao kwa kitambaa, akauweka juu ya boneti mbele yangu. Kisha akazunguka, akafungua mlango wa mbele wa kushoto, kiti cha mama, akakaa. Mama alikwenda nyuma na wenzake.

Niliendesha polepole. Barabara yetu ya vumbi inashuka kwenye migomba, inapinda penye shule ya msingi, halafu inapanda kwenda kanisani. Kila mita chache nilingoja maneno yake mawili. Hayakuja. Alikuwa ameweka mikono magotini na anatazama mbele, wima, kama mgeni aliyepewa lifti. Nilitamani anikaripie kwa kosa lolote, na nilibadilisha gia vibaya mara moja makusudi, lakini macho yake yalibaki barabarani.

Tulipofika kwenye kona ya shule nilipunguza mwendo. Ndipo aliposema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Kushoto pakoje?"

Nikaangalia.

"Kuna watoto wawili, tata. Wamevaa nguo za kanisani. Wamesimama pembeni, wanasubiri tupite."

"Wametuona?"

"Wametuona. Mmoja anatupungia mkono."

Baba alishusha kioo. Akatoa mkono nje, akawapungia, huku bado anatazama mbele.