Nyumba Iliyozibwa Pua

Juzi mjukuu wangu Rehema alifunua turubai lililofunika kuni zetu za akiba, na harufu iliyotoka chini yake ikanikalisha. Si harufu mbaya sana, wenzangu. Ni kama uyoga, kama mkeka uliosahauliwa mvuani, kama muhogo uliovundikwa ukakosa jua. Rehema akauliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia nyamaza kidogo mwanangu, mimi niko Kikole, kijiji nilichokulia.

Nianze kwa kuwataja waliokuwamo, maana wengi hawapo tena wa kujitaja. Ndani ya nyumba ile tulikuwa wanne. Mama yangu, Zainabu binti Issa, mtu wa Rutamba, alikuwa amekaa eda ya baba. Bibi Somoe, aliyemzaa baba, alihamia kwetu siku ya msiba ili amtunze mkwewe. Mdogo wangu Hamisi alikuwa bado ananyonya. Na mimi Mwajuma, niliyekuwa darasa la tatu, na la nne sikulifika. Baba mdogo Athumani, aliyemfuata baba kuzaliwa, alikaa ng'ambo ya ua, katika nyumba ya Bibi. Baba mwenyewe, Bakari, namhesabu pia, maana nyumba ilikuwa ya mikono yake na maneno yake yalikuwa bado yanazunguka humo.

Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, imeezekwa makuti. Kila mwaka kabla ya masika baba alipanda na mti mrefu wenye ndoano, akikokota majani ya mkorosho yaliyorundikana juu, maana jani likilala juu ya kuti linashika maji, na kuti likishika maji linaoza. Mbele na nyuma, pale ukuta unapokutana na paa, aliacha nafasi wazi, kila moja inapitisha kuku. Moshi wa jiko la mama ulipanda, ukayafukiza makuti yakawa meusi na makavu, wadudu wakahama, kisha ukatoka taratibu kwa zile nafasi. "Nyumba ina pua mbili," baba alizoea kusema. "Nyumba inayohema haizeeki." Halafu anacheka mwenyewe, kwa jinsi alivyoyapenda maneno yake.

Mwaka ule paa lilikuwa limechoka. Mama alishashona makuti mapya, yamesimamishwa nyuma ya nyumba yanangoja. Kabla baba hajaanza kuezua ya zamani, tumbo likamshika, akaondoka. Hata arobaini haijasomwa, masika ikaingia.

Sasa, kwetu mjane hukaa ndani ya nyumba ya mumewe mpaka eda iishe, na hatakiwi kuonwa na mwanamume anayeweza kumwoa. Na fundi wa makuti hawezi kuezeka bila kuezua kwanza. Bibi alilimaliza jambo hilo kwa sentensi moja. "Aliyefungua paa amefungua chumba. Mkwe wangu hataonwa kwa juu kama kifaranga ndani ya tenga." Basi makuti mapya yakabaki yamesimama, na mvua ikawa inanyesha juu ya yale ya zamani.

Hilo peke yake labda tungelivumilia. Lakini Bibi akainua macho, akaziona zile pua mbili, akahofu mtu asije akachungulia kwa pale.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliokuwa tumezoea kufua kwa majani ya mpapai, ghafla tukaona sabuni za rangi, ndala, betri, nguo za mitumba zinazonuka dawa. Baba mdogo Athumani aliacha jembe, akawa anakwenda Dar es Salaam na kurudi na marobota. Safari ile alikuja na nailoni kubwa ya buluu, mpya, inang'aa, kila mtoto akaishika.

"Mama," akamwambia Bibi, "hii si ya kuuza. Ni ya shemeji, asitiriwe."

Sikuwahi kumwona mtu akitoa kitu kwa moyo kama ule. Alipanda yeye mwenyewe, mama akiwa amefunikwa shuka gubigubi chumbani, akazigongomea zile nafasi zote mbili, na iliyobaki akaitandaza juu ya mgongo wa paa. Majirani walikuja kutazama. Bi Mwanaidi, aliyekuwa hana breki ya mdomo, akasimama uani mikono kiunoni.

"Eda ya kisasa hii! Mjane ndani ya nailoni kama mkate wa dukani!"

Tulicheka wote. Mama pia nilimsikia ndani akicheka, na ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka katika nyumba ile.

Siku chache tu moshi ukatushinda. Haukuwa na pa kutokea, ukashuka kwenye macho yetu na kifua cha Hamisi. Bibi akaagiza jiko lihamie uani. Moshi ulipoondoka, makuti yakakosa dawa yake. Asubuhi tulikuta upande wa ndani wa nailoni umejaa matone, na makuti yanatoka jasho kama mtu mwenye homa. Ukungu mweupe ukaanza kwenye makombamoyo, ile miti inayobeba paa, kisha wadudu wakarudi, usiku unawasikia wanatafuna. Unga wa mti ulikuwa ukidondoka kwenye mchuzi. Na ile harufu ikaingia kwenye mito, kwenye kanga, kwenye nywele za mtoto.

Mama alisema mara moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi. "Mama, tungefungua upande mmoja tu. Baba Mwajuma alikuwa anasema nyumba inahema."

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Baba Mwajuma yuko kaburini, mwanangu. Nikifungua leo, kesho watasema mke wa Bakari anachungulia njia."

Mama akampangusa Hamisi unga wa mti nyweleni.

Mimi nilijua kinachogombewa, maana niliwasikia Bibi na baba mdogo wakiongea barazani. Nyumba ikisimama mpaka eda iishe, mama atakaa humo alee wanawe. Ikianguka, hakuna pa kumweka. Atarudi kwao Rutamba, na watoto ni wa ua huu. Bibi alilisema hilo huku anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Hakuwa anatishia.

Basi nikawa fundi. Mtoto wa kike hazuiwi kumwona mama yake, nikapanda. Mama ndani alishika mwiko mrefu, anagonga palipovuja, "Hapa!", nami juu nachomeka kuti jipya chini ya la zamani kama alivyonieleza, nakokota majani ya mkorosho kwa mti wa baba. Juu pale makuti yalibonyea kama maini. Nilikanyaga kwenye upau tu, nikiutafuta kwa vidole vya miguu.

"We Mwajuma!" Bi Mwanaidi huyo, na ndoo yake kichwani. "Utaolewa na kunguru!"

"Kunguru hana mahari, bibi!"

"Mke mwenzangu, shuka!" Bibi Somoe naye akaita toka barazani. "Utavunja kiuno hata unyago hujachezwa!" Lakini hakuinuka kunishusha. Hivyo nikaacha shule. Mvua ilikuwa inanyesha asubuhi, na mwalimu hakuja kuniulizia.

Tumaini letu lilikuwa mjomba Seif, kaka yake mama wa tumbo moja. Yeye angeweza kumwona dada yake bila kosa, na makuti aliyajua. Salamu zikapelekwa kwa dereva wa lori lililokwenda Lindi. Tukangoja. Mama akawa anaziangalia sahani, akipanga atampikia nini. Mwishowe akapita mtu akatuambia Seif alitoka kweli, na kamba zake na panga lake, akakwama Mbwemkuru. Mto umepanda juu ya barabara, magari yamepanga foleni, watu wanalala chini ya malori. Alingoja mpaka nauli ikaisha kwa chakula, akarudi.

Mama aliposikia alisema, "Alhamdulillahi, hakuzama." Akazirudisha sahani kwenye kikapu.

Nyumba haikuanguka kwenye mvua. Ilianguka siku jua lilipotoka. Tulifurahi, nikaanika mito uani, Bibi akaketi kuota jua. Nikasikia mlio kama mtu anavunja muwa. Paa halikuporomoka kwa kishindo. Lilikaa chini taratibu, kama mzee anayeketi, likausukuma ukuta wa mbele, ukuta wenyewe umeshalowa, ukalala. Vumbi halikutoka hata kidogo. Kila kitu kilikuwa kibichi.

Mama alitoka mbio na Hamisi kifuani, kichwa wazi, kanga moja. Alisimama katikati ya ua. Na wanaume walikuwa wanakuja mbio toka kila upande na majembe, kina fundi Nassoro wa makuti, baba mdogo, wote, na wote wakamwona. Wakasimama. Wakaangalia chini mmoja baada ya mwingine, kama watu waliokuta maiti. Bibi alivua kanga yake ya juu akamtupia, akabaki yeye na mabega yake ya kizee wazi mbele za watu, anarudia, "Mfunikeni mwanangu, mfunikeni mwanangu."

Yale makuti mapya yaliyobaki yakatumika kuezekea kibanda cha kumalizia eda. Kibanda hakikuwa na ukuta wa maana, upepo unapita kila upande, na sasa hakuna aliyelalamika kwamba mjane ataonwa.

Nimekaa eda yangu mimi pia, miaka mingi baadaye, chini ya bati. Msumari uliachia, bati likawa linapigapiga na maji yanaingia. Nikamtuma mwanangu kwa mwalimu wa msikitini, akaulize kama fundi anaweza kupanda nami nimo ndani. Mwalimu hakumaliza hata kusikiliza. Akajibu, "Mwambie ajifunike, akae chumba cha pili. Dini haikuja kumwangushia mtu nyumba." Fundi akaja, akagonga, akaondoka kabla chai haijachemka. Nilikaa kwenye mkeka nikawaza: lilikuwa swali moja tu. Na Kikole alikuwepo mwalimu wa msikiti, Mwalimu Abdallah, nyumba yake unaiona toka barazani kwetu. Hakuna aliyevuka kwenda kumuuliza. Bibi alikuwa ameshampoteza mwanawe, na alichobaki nacho cha kumfanyia ni kumtunzia mke. Nadhani aliogopa asije akaambiwa kwamba hata hicho hakikuwa lazima.

Eda ilipoisha mama alikogeshwa, akavalishwa kanga mpya, na barabara ilikuwa imekauka, mjomba Seif akaja kumchukua. Kwa kuwa Hamisi bado ananyonya, mama alikwenda naye, na mtoto akarudishwa alipoachishwa. Baba mdogo alibeba kikapu cha sahani mpaka njiani. Bibi alilia mpaka akakaa chini. Bi Mwanaidi, yule yule, alijitwika ndoo yake akaenda zake. Mama alinishika kichwa, akaondoka, akawa anageuka kila baada ya hatua kadhaa, na mimi nilidhani ananiangalia mimi. Sasa nadhani alikuwa anatupa nafasi ya kumwita arudi. Nyumba ya Bibi ilikuwa na chumba, wenzangu. Kimejaa marobota ya mitumba, lakini kilikuwa chumba.

Majina yote haya nina hakika nayo, na yule wa kwanza kuangalia chini ni fundi Nassoro, hilo siyumbi. Lakini nilikuwa mtoto, na huenda nilikuwa nimeziba masikio. Kama yupo hai aliyekuwa uani siku ile mama anaondoka, akamsikia mtu yeyote, hata mmoja, akimwambia mama yangu, "Zainabu, kaa," basi nimekumbuka vibaya. Aje anisahihishe, nami nitamshukuru.