Nyama ya Msituni na Maziwa ya Samo

Nilipokuwa mtoto, meno ya mbele yametoka na mengine bado kuota, tulihama na ng'ombe. Huko chini tulikolisha zamani kulikuwa kumepigwa mipaka, wazungu wanapanda chai, na Baba akasema heri tupande mpaka ukingo wa msitu kabla hatujaambiwa mara ya pili. Nyasi huko juu zilikuwa nyingi, lakini hakuna mtu wetu aliyezijua. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe tangu tumboni, na huko alitembea kama mgeni kwenye nyumba ya watu, anaangalia kila pembe.

Aliyejua ni Arap Busienei. Huyu alikuwa mwindaji, mzee mwembamba wa watu wa msituni, anakaa na mizinga yake ya nyuki mbali kidogo na kwetu, unatoka asubuhi unafika jua likianza kuchoma. Lugha yake na yetu zilisikizana. Yeye na Baba walifanya urafiki kwa matusi. Baba alimwambia mwanaume bila ng'ombe hata mbwa hamsalimii. Naye akajibu kwamba sisi tunanuka maziwa mpaka chui alijua tumehamia kabla yake. Lakini katikati ya hayo matani walikuwa wanapeana mambo. Arap Busienei alimwonyesha Baba njia ya chui, na maji ambayo hayakauki. Baba naye alimwonyesha pale swara hutoka alfajiri kuramba chumvi pamoja na ng'ombe, maana mchungaji huyaona mengi ya alfajiri. Hakuna aliyemuuzia mwenzake.

Akija kwetu alipewa maziwa. Lakini Kogo, ndiyo nyanya yangu, mama ya Baba, alimuuliza kwanza amekula nini. Kwetu nyama ya porini na maziwa havikutani ndani ya tumbo moja siku moja. Ukichanganya, ng'ombe aliyetoa hayo maziwa ataugua, kiwele kitakauka, hata anaweza kufa. Arap Busienei aliijua hiyo sheria kama sisi, na watu wake waliishika. Siku amekula nyama alisema tu, "Leo nipe maji, mama."

Basi siku moja nikatumwa kwake na chumvi. Nikamkuta bibi yake anakausha nyama ya swara juu ya moshi, anaipaka asali. Harufu yake, wacha tu. Akanikatia kipande, akaniambia leo nisiguse maziwa. Nikasema ndiyo. Nisiwadanganye kwamba sikujua. Nilijua.

Nikafika nyumbani nimechoka. Mama alikuwa amemkamua Samo, ng'ombe wetu wa madoa, aliyekuwa na ndama mdogo. Akanipa kibuyu, akasema kunywa, umetembea. Kama ningekataa angeniuliza kwa nini, na nisingetumwa tena msituni. Nikanywa yote. Yalikuwa matamu, hiyo ndiyo mbaya.

Tangu hapo sikukaa. Nikitumwa kuni nakimbia kwanza kumwangalia Samo. Usiku nasikiliza kama amekohoa. Siku ya tatu nikamkuta amesimama peke yake, masikio chini, mate yanashuka. Ndama anagonga kiwele na hakuna kitu. Mpaka jioni, ng'ombe wengine wawili wakawa hivyo hivyo.

Baba akasema kuna mtu amechanganya. Na ni nani atakula nyama ya porini kwetu? Mtu wa pekee aliyemfikiria ni rafiki yake, kwa sababu naye alikunywa maziwa kwetu ile wiki. Asubuhi Arap Busienei alipokuja, Baba alisimama kwenye mlango wa boma, hakumsalimia. Akamwambia arudi kule ambako watu wanakula na kunywa wanavyotaka. Yule mzee alimwangalia Baba, akaangalia ng'ombe kwa mbali, akafungua mdomo kama mtu anataka kuuliza kitu. Halafu akachukua upinde wake akaenda.

Mimi nilikuwa nyuma ya zizi la ndama. Nilisikia yote na nikanyamaza.

Nikanyamaza siku mbili. Naenda mtoni narudi bila mtungi. Nakaa, nasimama. Mama akasema huyu mtoto ana siafu. Siku ya pili Samo akalala chini, na ndama wake akasimama karibu na kichwa, anamnusa. Hapo ndipo nikaenda kwa Kogo nikamwambia.

Hakunipiga. Aliniuliza, "Ulikula lini?"

Nikamwambia.

"Na umekaa na hii kitu siku ngapi, lakwet?" Hivyo ndivyo alivyoita mtoto.

Akanipa mzizi mchungu nitafune nitapike, ingawa hiyo nyama ilikuwa imeshatoka tumboni kitambo. Nikatapika mpaka nikaona nyota mchana. Kisha akanishika mkono mpaka kwa Baba, akasema, "Mwambie wewe mwenyewe."

Nikasema, "Baba, aliyekula nyama ni mimi."

 Baba akachukua fimbo yake akaingia msituni. Sikuwa nimewahi kuona mzee mwenye ng'ombe akienda kumwomba msamaha mtu asiye na hata mmoja.

Walirudi wote wawili, jua likiwa juu. Arap Busienei hakuniuliza mimi chochote. Alimuuliza Baba ng'ombe walilishwa wapi kabla ya kuugua. Baba akasema pale uwanja ulio juu ya mianzi, kwenye nyasi ndefu.

"Uliona nyayo za swara hapo?"

"Hapana."

"Kinyesi je?"

"Hata kinyesi."

"Mzee, nyasi nzuri hivyo na hakuna mnyama anaikula. Hukujiuliza?"

Baba akasema, "Nilidhani ni bahati yetu."

Akatupeleka akatuonyesha. Kulikuwa na majani laini, madogo, yamejificha chini ya nyasi, ambayo huota mvua ya kwanza ikinyesha mahali palipowahi kuungua. Wanyama wa msitu huyakwepa wote. Akasema ile asubuhi alipofukuzwa ndiyo alitaka kuuliza hilo swali. Akachemsha gome, akachanganya na asali, akawamiminia mdomoni ng'ombe mmoja mmoja. Wale wawili walisimama. Samo hakuamka.

Baba na Arap Busienei waliendelea kutukanana mpaka uzee. Kila tulipohamia malisho mapya, Baba aliita mwindaji kwanza, atembee mbele ya ng'ombe.

Wajukuu wangu waliosoma wananicheka. Wanasema, Kogo, maana sasa nyanya ni mimi, si unaona ilikuwa majani, nyama haina neno. Nawaambia ndiyo, ni majani, nilionyeshwa kwa macho yangu haya. Nyanya yangu yeye alisema ni nyama mpaka alipokufa, na sikubishana naye. Mimi mpaka leo sijachanganya tena. Lakini kilichonikosesha usingizi miaka yote si nyama wala majani. Dawa ilikuwa imefika mpaka mlangoni kwetu, imesimama na upinde wake, ikafukuzwa kwa kosa langu nami naangalia. Majani yalimpa Samo ugonjwa. Zile siku mbili nilimpa mimi.