Mkwe, Mimi na Shanga Hamsini na Moja

Waliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe, mwenye nyumba ile ya Kisugu, Kampala. Binti yangu wa pili, muuguzi, aliyekuwa akirudi jioni hana nguvu hata ya kuvua viatu. Mumewe, yaani mkwe wangu, Muganda, aliyekuwa akisomea shahada kubwa pale chuoni. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mke wa askari wa kambi ya Makindye, mtu wa kaskazini, mrefu kama mlango. Na shanga hamsini na moja. Majina ya watu ninayo yote kichwani, mpaka la baba wa mtahini aliyekuja kumpima mkwe, lakini siyaandiki, maana wana wajukuu wanaosoma. Ya shanga nitayataja. Hizo hazina wajukuu.

Mkwe wangu alikuwa akichunguza protini. Protini, kama nilivyoelezwa, ni uzi wa shanga zisizoonekana kwa macho, na kila ushanga ni asidi amino yenye jina lake. Uzi huo haukai umenyooka. Unajikunja kama mkufu uliotupwa mfukoni, hata ushanga wa tatu na wa ishirini, walio mbali kabisa kwenye uzi, utawakuta wamelala shavu kwa shavu. Kazi yake ilikuwa kujua nani anagusana na nani, kwa sababu migusano hiyo ndiyo inayoshikilia umbo, na umbo likiharibika kitu hakifanyi kazi. Yeye alikuwa ameshika insulini, ile inayoteremsha sukari mwilini. Na mwaka wenyewe ni ule ambao sukari tulikuwa tunaisikia redioni tu. Jirani alininong'oneza, "Mama, serikali imeshamaliza sukari yote. Huyu dokta anateremsha gani tena?"

Mwalimu wake alikuwa mgeni, akaondoka kama wageni wengi walivyoondoka. Alichomwachia ni barua yenye safu za namba: kila ushanga ukae umbali gani kulia, mbele na juu. Mashine ya hesabu chuoni ilikufa na fundi wake alikuwa ameshavuka mpaka. Ndipo mkwe akafinyanga shanga za udongo, akazipaka rangi, akazitunga kwenye waya wangu wa kuanikia nguo (nilianika kwenye miiba mwezi mzima) na kuutundika mzigo wote kwenye boriti ya sebule yangu, kwa sababu chumba chao cha kupanga Kawempe kilikuwa na dari ya kumgonga mtu kichwa. Akakata tete lenye urefu wa shibiri. Tete likifika kutoka ushanga huu hadi ule, wanagusana. Lisipofika, hawagusani.

Mtahini alikuwa anakuja Jumatatu kutoka Nairobi. Jedwali la migusano lisipokamilika siku hiyo, hakuna shahada, kwani miaka ile mtahini wa kukubali kuja Kampala mara mbili hakuwepo. Mkwe alikuwa akipima na mke wake, mmoja na tete, mmoja na daftari. Hospitali ikampa binti yangu zamu za mchana mfululizo. Nikabaki mimi.

Hapo ndipo penye shida. Kwetu, watu wa asili ya pwani, mkwe ni mtoto, mnakula naye sinia moja. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hawapishani mlangoni, hawatazamani usoni. Wakigusana, mikono inaanza kutetemeka na haiachi. Ugonjwa huo wanauita obuko. Nilimtania kupitia dirishani, "Baba, na usomi wako wote huo unaamini haya mambo?"

Akajibu huku amenipa mgongo, anatazama migomba. "Mama, mimi siamini hata kidogo. Mikono yangu ndiyo sijaiuliza."

Basi tulifanya hivi. Mimi ndani na tete, yeye nje chini ya dirisha, mgongo kwangu, daftari gotini. Mimi shule niliishia darasa la pili, kuandika kwangu ni kwa kudra za Mungu, lakini shanga nazihesabu kila baada ya sala, hazinipotei. Ili nisichanganye, nikazipanga kama harusi. Uzi mfupi wa shanga ishirini na moja, upande wa bwana harusi. Mrefu wa thelathini, upande wa bibi harusi. Wale wanaoitwa sistini, wanaofunga uzi huu na ule, washenga. Glisini ni wadogo, wakawa watoto. Lusini wanakimbia maji na kujificha ndani, wakawa wenye shughuli. Lusini wa kumi na sita wa uzi mfupi nikamfanya bwana harusi. Lusini wa kumi na tano wa uzi mrefu, aliyekaa katikati na kila mtu anamzunguka, huyo nikamfanya mama mkwe.

Kutwa nikawa napaza sauti. "Valini wa tatu na tairosini wa kumi na tisa, uzi mmoja, hawagusani! Sistini wa saba na sistini wa saba wa ng'ambo, wanagusana!"

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Mama, nani anagusa nani? Mimi nasikia tangu asubuhi. Sema jina pole pole."

"Ni shanga hizi."

"Shanga gani iko na tabia kama hiyo?"

Akaja kuona. Akanyoosha mkono kuwasalimia na kumvunja glisini mmoja papo hapo. Tulimgandisha kwa uji wa muhogo.

Jumamosi alasiri mkwe alikuwa anajumlisha jedwali. Akaniita kutoka chini ya dirisha.

"Mama. Lusini wa kumi na tano, uzi mrefu."

"Naam."

"Hana mgusano hata mmoja na uzi wa pili."

"Hana."

"Mama, huyu amejificha katikati kabisa. Mtu akae katikati ya chumba kilichojaa watu, asimguse mgeni hata mmoja?"

"Ana heshima zake."

"Heshima?"

Ikabidi niseme. Kila tete lilipofika kutoka kwa bwana harusi au nduguze hadi kwa mama mkwe, mimi nilitangaza hawagusani. Niliona si vizuri kumpigia kelele mkwe wangu mwenyewe kwamba mambo hayo yanafanyika sebuleni kwangu.

"Mama! Hiyo ni protini! Haina wakwe!"

"Sasa ningejuaje, na imefungwa na washenga?"

"Ni wangapi uliowaruka?"

"Sikuhesabu, baba. Niligeuza macho."

Akakaa chini kwenye majani, kichwa mikononi. Baadaye akasema lazima aone mwenyewe. Na ushanga ule ulikuwa ndani sana: mmoja apanue waya upande huu, mwingine aingize tete upande ule. Jirani akajitolea, tukamkumbusha glisini. Tukampa ungo. Kazi yake ikawa kuusimamisha kati ya uso wangu na uso wa mkwe, na kutufuata nao kila tukizunguka.

Mkwe akaingia kiubavu-ubavu kama kaa, macho sakafuni. Tete likaanza kucheza mkononi mwake, tak tak tak kwenye udongo.

"Linafika?" nikauliza nyuma ya ungo.

"Linafika. Halifiki. Linafika."

"Dokta," jirani akasema, "huyu ni mama, si bunduki. Shika vizuri."

Nikaona kwa namna hiyo Jumatatu itatukuta hapo hapo. "Baba, niachie tete. Wewe weka kidole juu ya lusini, ukitulize hapo hapo." Akaweka. Nikaliegemeza tete kwa bwana harusi, nikalisukuma taratibu katikati ya waya mpaka likagota kwenye kitu laini.

"Nimekugusa?"

"Umenigusa, mama."

"Kwa tete."

"Kwa tete."

"Andika."

Kutoka kwa bwana harusi na nduguze nikamgusa mara nne, naye akaandika mara nne. Kisha akatoka mbio, na ungo ukamfuata mpaka mlangoni. Mikono ilimtetemeka siku mbili. Yeye alisema ni njaa.

Jumatatu mtahini akafungua daftari. Alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, na huko nako ukwe si mchezo. Akasoma jedwali lote kimya mpaka akafika mistari minne iliyoandikwa kama kuku amepita juu yake.

"Hapa mkono wako ulipatwa na nini?"

Mkwe angeweza kusema malaria. Alisema ukweli.

Mtahini akaweka kalamu mezani. "Chumba kimoja?"

"Chumba kimoja, bwana."

"Ungo ulikuwepo lakini?"

"Ulikuwepo."

Akaichukua tena kalamu. "Mtu aliyepima mbele ya mama mkwe wake," akasema, "hajabuni namba." Akatia sahihi. Mkwe alikuja kunisimulia jioni ile ile, kupitia dirishani, mgongo kwangu, anacheka mpaka daftari likamponyoka.

Hivi ndivyo ninavyokumbuka. Huenda mtahini alifika Jumanne, na jirani aliwahi kudai kwamba ungo ulikuwa wake. Kama wewe ulikuwepo, au mzazi wako alikusimulia vingine, njoo unikosoe kabla sijawasimulia wengine.