Siku Kahawa Alipokataa Kuja

Nakumbuka Jumamosi moja, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nilisimama ufukweni mwa ziwa, Luchelele, nikimwita mtoto wa mbwa ambaye hakuwa wangu, na kila nilivyomwita ndivyo alivyozidi kwenda mbali nami. Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu juzi ulimleta huyu wa kwako mwenye masikio marefu, ukaniuliza atachukua siku ngapi kujua kukaa na kuja akiitwa. Jibu ninalo, ila si fupi kama ulivyotaka.

Wakati huo niliishi Mkolani kwa mjomba wangu. Jirani yetu, Mama Getruda, alikuwa muuguzi, mjane, na wanawe wote walikuwa wameshaondoka nyumbani. Rafiki yake aliyehama nchi alimwachia mtoto wa mbwa wa aina ya koka spanieli, wa rangi ya kahawia, wa miezi mitatu hivi. Akamwita Kahawa. Alimpenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele za watu. Alipotakiwa kwenda masomoni Dodoma kwa wiki tatu, alinikabidhi mimi. Aliniomba nimlishe, nimfundishe adabu kidogo, na yeye akirudi amkute salama.

Nikaanza na kukaa. Nilishika dagaa juu ya pua yake, akainua kichwa, makalio yakashuka yenyewe, nikasema "Kaa," nikampa. Siku ya pili alikaa kabla sijamaliza kulitamka neno. Siku ya nne nikisema "Njoo" alikuja mbio kutoka mwisho wa ua, masikio yakipepea. Wiki ilipoisha alijua pia kulala akiambiwa. Wepesi ule ulinilevya. Nikawa nawaita majirani waje watazame, kana kwamba akili ile ilikuwa yangu.

Mmoja wa waliokuja alikuwa Mzee Bundala, ambaye kazi yake ya ujana ilikuwa kufundisha mbwa wa ulinzi. Alitazama, akafurahi, kisha akanieleza kwamba mbwa wa aina hii hushika haraka kwa sababu wanapenda kumfurahisha mtu. Akanishauri nimfundishe dakika tano tano, mara kadhaa kwa siku, nisimchoshe. Na nisidhani kuwa anachokijua uani atakijua kila mahali. Niliitikia kwa heshima. Moyoni nilisema mzee anataka kunipunguzia sifa.

Jumatano iliyofuata nilitoka nje nikakuta gauni langu la kwendea usaili wa kazi limevutwa kutoka kwenye kamba na kuburutwa matopeni. Nikaita, "Njoo." Akaja mbio, mkia ukicheza. Nikampiga kandambili mara mbili. Alhamisi alikojoa sebuleni. Nikaita tena, akaja, safari hii polepole, nikampiga tena. Ijumaa nilipomwita alisimama katikati ya ua akanitazama. Mimi nikasema ameanza kiburi.

Jumamosi asubuhi Mzee Bundala alikuwa anakwenda Luchelele kununua samaki, nikafuatana naye na Kahawa kwenye kamba. Tulipofika ufukweni nilitaka kumwonyesha mzee kwamba mwanafunzi wangu anatii hata nje ya ua. Akaniambia nisimfungue. Nikamfungua.

Yangeyange wawili walikuwa wametua juu ya magugu maji yaliyosongamana ukingoni. Kahawa akawaona, akachomoka, akaruka juu ya yale magugu. Ndege wakaenda zao, yeye akabaki amesimama pale akihema kwa furaha. Upepo wa asubuhi ulikuwa unavuma kutoka nchi kavu. Kipande alichosimamia kikamegeka taratibu, kikaanza kwenda.

Kwanza nafasi ilikuwa ya hatua moja tu, angeweza kuruka. Nikaita, "Njoo!" Alinitazama, mwanangu, na nikaona kabisa kwamba amenielewa. Akashusha masikio, akafyata mkia, akarudi nyuma, upande wa ziwani. Nikaita kwa nguvu zaidi. Akarudi nyuma tena. Nafasi ikawa hatua tatu, ikawa sita. Mwanamke aliyekuwa anaanika dagaa alisema mamba alionekana pale pale wiki hiyo. Mitumbwi yote ilikuwa bado ziwani, na mimi sikujua kuogelea. Nilikuwa napiga kelele, sijui hata nasema nini.

Mzee Bundala akanishika bega.

"Nyamaza. Ulimpiga alipokuja?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Basi hilo neno umeliua. Kila ukilitaja unamfukuza. Kaa chini, mgeuzie mgongo, uongee naye kama siku ya kwanza."

Sijawahi kupewa agizo gumu kama lile. Niliketi mchangani nikiwa nimeligeuzia ziwa mgongo, nikijua kila pumzi inamsogeza mbali, nikaanza kuongea kwa sauti ya chini. Nilimwambia yeye ni mzuri, chakula kipo, tutakwenda nyumbani. Sauti ilikuwa inatetemeka, mzee akanionya niitulize. Nikasikia kitu kikitumbukia majini. Nikataka kugeuka, mkono wa mzee ukanikandamiza.

"Bado."

Maji yakapiga, yakapiga, kisha yakanyamaza. Nikasikia kikohozi kidogo.

"Sasa," mzee akasema.

Nilipogeuka niliona kichwa tu. Mizizi ya magugu ilikuwa imemnasa miguu, karibu na ukingo lakini si karibu vya kutosha. Niliingia mpaka maji yakanifika kifuani, mamba nimeshamsahau, nikanyoosha mkono. Kahawa aliuona ule mkono, akafumba macho na kugeuza uso pembeni.

Alikuwa anangoja kandambili. Alikuja akijua atapigwa, akaja hivyo hivyo. Nimezaa, nimezika, lakini sura ile bado haijanitoka.

Nilimtoa, nikamfunika kwa kitenge changu. Mzee alimkagua miguu na pumzi, kisha akasema bila kunitazama, "Ulisema anajifunza haraka. Ni kweli. Kuja ulimfundisha siku nne, kuogopa ukamfundisha siku mbili. Vyote ameshika."

Mama Getruda aliporudi nilimweleza yote, kuanzia gauni mpaka ziwa. Hakunifokea. Alimpakata mbwa wake, akampapasa miguu mmoja mmoja, na hilo liliniuma kuliko matusi. Nikamwomba ruhusa niende kwake kila jioni, nianze upya, mbele ya macho yake. Alikubali baada ya siku kadhaa. Mzee alinipa neno jipya, "Hapa," kwa kuwa la zamani lilikuwa limeharibika. Ilipita miezi miwili na zaidi kabla Kahawa hajanijia bila kusita katikati ya njia.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Kukaa atajua kwa siku mbili tatu. Kuja uani, wiki moja. Kuja penye ndege, watu na pikipiki ni miezi, na mpaka hapo usimfungue kamba. Lakini kamwe usimwadhibu aliyekuja kwa sababu umemwita. Akikosea, mfuate wewe mwenyewe penye kosa, umzuie pale pale, yaishe.

Na hili usiliache kwa mbwa peke yake. Unaye binti. Siku atakapokuja mwenyewe kukuambia alichoharibu, zuia mkono, zuia na ulimi, umsikilize kwanza. Makosa yatarekebishwa baadaye, akiwa ameshafika kwako. Usipofanya hivyo, atapata shida kubwa siku moja, atasikia sauti yako, na atarudi nyuma.

Mungu akupe mkono mpole na subira ndefu kuliko niliyokuwa nayo mimi. Walio chini yako wasikuogope. Na siku utakapowaita, popote watakapokuwa, waje.